Ngamia wa Jattani

Mulki alilisikia jina la marehemu mumewe likichezewa mahali ambapo mtu hatarajii kusikia jipya lolote: kwa wale akina mama wanaouza maziwa ya ngamia karibu na stendi, asubuhi, yeye akiwa amenyoosha chupa yake ijazwe. Mwendesha boda mmoja alikuwa akimwapia mteja kwenye simu kwamba amekaribia, yuko kwenye kona, ameshaliona lango. Huku amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, chai mkononi. Alipokata simu, mwenzake akamcheka.

"Wewe, usimfanyie huyo mtu ngamia wa Jattani."

"Ngamia wa Jattani ni nini?" aliuliza Mulki, kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha mabweni.

"Mama, hujui? Ni ahadi ya uongo. Kuna programu ya simu inaitwa Zizi la Jattani. Unaiambia ngamia yako imepandwa leo, inakuambia itazaa baada ya miezi mitano." Akajipiga paja. "Miezi mitano! Labda huyo Jattani alikuwa anafuga mbuzi mrefu."

Muuza maziwa, aliyejua vizuri amesimama na nani, alishtuka hata akajaza chupa mpaka maziwa yakamwagikia viatu vya Mulki. Mulki hakuvitazama. Alifunga chupa, akasema asante, akaondoka akiwa amenyooka kama mlingoti wa bendera. Alipopinda kona ndipo alipoegemea ukuta wa duka la mtu.

Uongo. Jattani! Mtu aliyewahi kumchukua tena fahali kutoka kwa mnunuzi aliyekwisha kuridhika, akamwambia, "Ndugu yangu, huyu hukohoa alfajiri, nilisahau kukuambia." Katika soko la mifugo watu walikuwa wakisema neno la Jattani halihitaji shahidi. Leo neno lake ni kichekesho cha watu wa boda.

Mulki alizaliwa Merti, karibu na mto, katika nyumba ambayo wasichana walijua kuhesabu mbuzi na basi. Yeye alihesabu mbuzi, akaendelea kuhesabu mpaka chuo kikuu, akarudi Isiolo na shahada ya hesabu. Alifundisha hesabu na kompyuta mpaka akachoka kusahihisha upuuzi. Jattani alimwoa kwa sababu, kama alivyopenda kusema, alitaka mtu wa kubishana naye ambaye angeshinda kwa haki. Yeye mwenyewe alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya upande mmoja: angekutajia nyanya wa kila ng'ombe zizini, lakini tarehe ya harusi yake ilibidi akumbushwe na shemeji zake. Tarehe za chanjo ndizo zilimshinda kabisa. Basi Mulki akamtengenezea programu ya simu. Unaandika mnyama amepandwa lini, amechanjwa lini, nayo inakukumbusha, hata mahali pasipo na mtandao. Jattani akaomba jambo moja tu, kwamba picha ya kugusa ili ifunguke iwe chapa yake, ile aliyowachoma ng'ombe wake pajani: mduara wenye mkia mfupi. Watoto wa jirani walidai ni kikaango. Jattani alisema hata kiwe kikaango, mnyama akipotea ndicho kitakachomrudisha nyumbani.

Siku za kwanza kulitokea kosa. Mulki alinakili hesabu za mbuzi ili abadilishe ziwe za ngamia, sufuria ikaungua jikoni, akainuka, akasahau. Ngamia wakabaki na mimba ya mbuzi, miezi mitano badala ya kumi na mitatu. Jattani alipoliona alicheka mpaka akalala chini kwenye mkeka. Mulki akalirekebisha siku hiyo hiyo, na likawa utani wa nyumbani.

Jattani alipofariki, kwa ghafla, moyo ukiwa umeamua peke yake bila kushauriana na mtu, ukoo ulitaka kumfanyia sadaka yenye kuendelea, ile ambayo thawabu zake humfikia maiti kila mtu anapofaidika nayo. Abdinasir, mdogo wa marehemu, alitaka kisima chenye jina kwenye zege, herufi kubwa, pamoja na jina lake yeye kama msimamizi. Mulki akasema sadaka ipo tayari. Aliiweka programu ile mtandaoni, bure, ndani yake ikiwa imeachwa wazi ili kila mjuzi aone ilivyoundwa. Ukurasa wa kwanza akaandika: "Hii ni sadaka. Itumie, ichunguze, ibadilishe, mpe na mwenzako. Nawe umwombee Jattani." Imamu alifikiri kidogo akasema elimu yenye manufaa imo katika hesabu ya sadaka hizo. Abdinasir alitaka imamu mwingine aulizwe.

Tangu hapo Mulki aliitunza programu kama wengine wanavyotunza kaburi. Kila kosa alilolisikia alilirekebisha, na kila toleo jipya aliliweka mahali pamoja kwenye mtandao, mwenye kutaka alichukue hapo. Kwa hiyo aliposikia habari za miezi mitano alijua jambo moja kwa hakika. Huyo ngamia hakutoka kwake.

Haikumchukua muda kumpata aliyemtoa. Uliza mtaani Wabera nani anatia programu kwenye simu za wafugaji, na kila kidole kitaelekea kwa Muiruri.

Muiruri alikuwa na duka la simu lenye upana wa mlango wake, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa kichwani. Ufundi alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu simu za watu mpaka siku moja akaacha kuziharibu. Mtu mcheshi, wala hana roho mbaya.

"Habari ya leo, Mwalimu! Karibu. Ni kioo ama chaja?"

"Zizi la Jattani," alisema Mulki.

"Hiyo iko! Nakuwekea sasa hivi. Zizi la Jattani Orijino."

Akaichukua simu ya Mulki, akaifanyia mambo yake, akaigusa. Simu ikatoa mlio mrefu wa ajabu, kisha ikasema: "Karibu kwa Muiruri, mfalme wa simu, Wabera!"

"Huo mlio ni wa nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani huyo?"

"Ni mimi," alisema Muiruri kwa fahari. "Nilirekodi nikiwa nimefunga mlango. Mke wangu Mugure alidhani nimeshikwa na tumbo."

Mulki akaandika ngamia, akaandika tarehe ya leo, akasubiri. Miezi mitano. Akalijua kosa lile kama mama anavyojua kovu kwenye goti la mwanawe. Toleo hilo liliishi kwenye simu moja tu duniani, ile ya Jattani, kwa sababu simu hiyo ilikuwa kwa fundi huyu huyu ikibadilishwa kioo siku ambayo yeye alirekebisha.

"Muiruri. Uliitoa kwenye simu ya marehemu."

Fundi akasogeza kofia yake nyuma kidogo. "Nilinakili, ndiyo. Niliona kitu kizuri. Lakini sikumpa mtu, Mwalimu, mpaka wewe mwenyewe ulipotangaza ni sadaka. Mimi si mwizi."

"Kwa nini hukuchukua ile mpya?"

"Ile ya mtandao inakula bando. Hii nilikuwa nayo."

"Na ile alama nyekundu ya kumwambia mtu kuna toleo jipya?"

"Nilitoa. Watu walikuwa wanarudi kuniuliza simu imeshikwa na ugonjwa gani."

Mulki alivuta pumzi. Alikuwa amekuja na hotuba nzima, yenye utangulizi, lakini Muiruri akamtangulia.

"Sasa Mwalimu, usinikasirikie bure. Uliandika nini pale mbele? Ibadilishe, mpe mwenzako. Mimi nimebadilisha, nimepea wenzangu. Nimefanya kosa gani? Mtu wa Oldonyiro atatoa wapi bando ya kutafuta hiyo mahali yako ya mtandao? Mimi napeleka sokoni kwa memori kadi. Madereva wa malori wananipelekea mpaka Merti, kwenu. Wewe umewahi kupeleka hata kwa mtu mmoja huko?"

Kweli, Mulki hakuwahi. Aliiweka sadaka yake mahali safi, palipopangwa vizuri, akangoja maskini wapande ngazi waifuate. Jambo la kuambiwa ukweli na mtu anayelia kama ng'ombe ni chungu, lakini ukweli haukuulizi unataka uletwe na nani.

"Ngamia yako ina mimba ya mbuzi," alisema hatimaye. "Chukua toleo langu jipya. Nitakupa hapa hapa, bila bando."

"Nitachukua, Mwalimu. Nikipata nafasi."

Kila anayemjua fundi wa simu anajua nafasi hiyo huja lini.

Alirudi nyumbani akamkuta Abdinasir sebuleni, amekaa kwenye kiti cha marehemu, mguu juu ya mguu. Kando yake alikaa mtu wa shati la ofisini aliyefahamika mjini kama Karanja, mtumishi wa serikali kutoka nyanda za juu, mfugaji wa kwenye simu. Yaani ana ngamia wawili huko porini kwa mchungaji, naye huwafuga kwa kupiga simu kila jioni kuuliza wameamkaje.

"Salaam aleikum, shemeji," alisema Abdinasir. "Umeona mambo umetufanyia?"

"Wa aleikum salaam. Naona umekaa. Karanja, habari?"

"Habari si nzuri, Mwalimu," alisema Karanja. "Ngamia wangu amekataa kuzaa."

"Amekataa?"

"Programu yenu ilisema mwezi uliopita. Mimi nimeshapaka ukuta maandishi: Maziwa Fresh ya Ngamia kwa Karanja. Watu wanakuja na chupa. Wananiuliza maziwa iko wapi, mimi naangalia simu, simu inasema ngamia amezaa. Naambia mchungaji aangalie vizuri."

"Mchungaji alisemaje?"

"Alicheka mpaka akakata simu."

"Na hukujiuliza kwa nini anacheka?"

"Mwalimu, huyo hajasoma! Mimi nilikuwa na programu."

Mulki alilazimika kwenda jikoni kuhakikisha kwamba jiko bado lipo. Alipofika huko aliuma ncha ya shela yake ili kicheko kisisikike sebuleni. Lakini kilipoisha alikumbuka neno moja. Huyu mtu hakuwa amesema Muiruri hata mara moja. Alisema *programu yenu*. Kila mtu aliyedanganywa na ile nakala kuukuu alilaani jina lililoandikwa juu yake, na jina lililoandikwa juu yake ni la mtu aliye kaburini, asiyeweza kusimama sokoni akasema, "Ndugu yangu, nilisahau kukuambia." Mulki alitaka dua zimfikie Jattani. Sasa anatumiwa matusi, na Mulki hakuwa na hakika kama matusi nayo hayapiti njia hiyo hiyo.

Karanja alipoondoka, Abdinasir akasafisha koo.

"Funga hiyo kitu. Futa kabisa. Tuseme Jattani hana programu."

"Nikifunga, kopi za Muiruri zitakufa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi zitabaki mbovu peke yake, na nzuri nitakuwa nimeiua mimi. Halafu ni sadaka, Abdinasir. Mtu akioshea miguu kisimani, unafukia kisima?"

"Mimi ningejenga cha zege."

"Najua."

"Basi nipe mimi niisimamie. Jambo la jina la ukoo ni la wanaume."

Mulki akaitazama simu ya shemeji yake pale mezani. Tochi yake ilikuwa inawaka mchana kweupe, na ilikuwa imewaka tangu Idi kwa sababu mwenyewe hajui inazimwa wapi.

"Abdinasir," alisema taratibu, "hebu niambie jambo unalolijua. Jattani akikupa mtamba, awe wako kabisa, unamfanya nini kwanza?"

"Namtia chapa yangu. Kando ya ile yake."

"Kwa nini? Si amekupa?"

"Shemeji, wewe umezaliwa Merti, unaniuliza hiyo?" Sasa Abdinasir alikuwa amekaa vizuri, kwani hapa ndipo alipokuwa mwalimu. "Chapa ya kwanza inasema ametoka kwa nani. Ya pili inasema sasa yuko kwa nani. Akiingia shamba ya mtu akala mahindi, wanakuja kwa mwenye chapa ya pili. Mtu anayetembea na mnyama aliyepewa lakini hajaweka alama yake, ama ni mvivu, ama anataka makosa yake yaendee mwingine."

"Inuka," alisema Mulki. "Twende Wabera. Na zima hiyo tochi."

"Inazimwa wapi?"

Walimkuta Muiruri na wateja wawili kwenye benchi. Mulki hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hakuja kumnyang'anya chochote. Programu ni yake kama ilivyo ya kila mtu, aibadilishe anavyotaka, ailize kama ng'ombe, kama fisi, hiari yake. Lakini akiisha kuibadilisha aondoe jina la mbele na ile picha ya mduara, aweke chake. Sharti lake ndilo hilo.

"Ndani uandike ilianzia kwa Jattani. Hiyo ni chapa ya kwanza. Mbele uandike ni ya nani sasa."

"Mbele niandike jina langu?" Muiruri alidhani hajasikia vizuri. "Zizi la Muiruri?"

"Na namba yako ya simu. Mtu akiwa na shida ajue pa kuuliza."

"Na picha?"

"Weka hata hiyo kofia."

Muiruri alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akitafuta mtego. Alikuwa amejiandaa kwa polisi, sasa anapewa tangazo la biashara mpaka Oldonyiro. Akashika mkono wa Abdinasir, akautikisa kwa furaha.

"Lakini sikiliza, na hawa wawili wasikie," alisema Mulki, akiwageukia watu wa benchini. "Ngamia ya ndani ya hii yako ni mbovu. Nimekuambia mara ya kwanza, nakuambia ya pili. Nzuri ninayo hapa mkononi."

"Nitachukua, Mwalimu. Hii kazi ya jina iishe kwanza."

Jina liliisha haraka ajabu. Kabla ya soko lililofuata, wafugaji walikuwa na Zizi la Muiruri, kofia ya sufu iking'aa kwenye vioo vya simu zao, na namba chini yake. Hata waliokuwa na ile ya kwanza aliwabadilishia, kwa raha zake mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sifa na lawama hupita mlango mmoja.

Kisha simu ikaanza kuita.

Mfugaji, ukimpa namba, huitumia. Walipiga kuuliza ngamia. Kisha, kwa kuwa mtu wa zizi amepatikana, walipiga kuuliza mengine yote. Mbuzi anakohoa, Muiruri afanye nini? Ndama amevimba tumbo, asikilize. Na kweli wakamwekea ndama kwenye simu. Mzee mmoja wa Merti alimpigia kumtukana kwa Kiborana, na alipogundua kwamba Muiruri haelewi, akamtafuta mtu wa kutafsiri, akaanza upya. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, simu ikaita, naye Muiruri akaifungua ile programu kwa bahati mbaya akitafuta pa kuzima sauti. Kanisa zima likasikia ng'ombe, likasikia na mfalme wa simu. Mchungaji wa kondoo wa Bwana akauliza kama kuna aliyekuja na mifugo yake.

Na pale stendi watu wa boda, ambao hawana chuki na ukoo wowote, wakaanza kuonyana: "Usinifanyie ngamia wa Muiruri."

Muiruri alikuja nyumbani kwa Mulki kofia mkononi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Isiolo kuona kichwa chake. Mugure alitangulia mbele kama anayempeleka mtoto kuomba msamaha shuleni.

"Mwalimu, habari yako," alisema Mugure. "Nimekuletea huyu. Jana tumekula chakula na mbuzi mgonjwa kwenye spika. Sema, Baba Shiku."

"Mwalimu, nimekuja kuchukua ile nzuri," alisema Muiruri.

"Nafasi imepatikana?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Ukichukua kama ilivyo, ipeleke na jina la Jattani na chapa yake, na wakikasirika waje kwangu. Ukiibadilisha hata nukta, ni yako na namba yako. Ile alama nyekundu huigusi. Na kabla hujaenda soko lolote unapita hapa kwanza, nakupa iliyo mpya, uende na hiyo. Nami nitakuja nawe Oldonyiro siku moja, nione hao watu."

"Nachukua kama ilivyo! Jina langu toa kabisa." Akavaa kofia, akafika mlangoni, akasita. "Lakini ule mlio. Wazee wanaupenda, Mwalimu. Wengine hawasomi, wakisikia mlio wanajua imefunguka. Hiyo nayo itapotea?"

Mulki alitaka kusema ndiyo. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini akilini alimwona Jattani kwenye mkeka, ameshika mbavu, machozi yakimtoka. Tena mtu wa kofia alikuwa amewafikiria wasiosoma, na mtu wa shahada hakuwa amewafikiria.

"Acha huo mlio," alisema. "Nitautia mwenyewe kwenye ile yangu. Na ndani nitaandika umetoka kwako. Mfalme wa simu atabaki nje."

Mugure alisema amina kabla ya mumewe kuelewa.

Ngamia wa Karanja alizaa wakati wa ngamia kuzaa, bila kumwuliza mtu. Maandishi yake ukutani yalikuwa yameshaanza kufifia, ikabidi apake tena.

Na asubuhi moja, kwa akina mama wa maziwa, Mulki akiwa na chupa yake, mzee mmoja mwenye fimbo alitoa simu kutoka kwenye kikoi chake. Aliugusa ule mduara wenye mkia. Mlio ukatoka, mrefu, wa mtu aliyeshikwa na tumbo. Mzee alisoma polepole kilichokuwa pale, akatikisa kichwa, ameridhika.

"Mungu amrehemu huyu Jattani," alimwambia muuza maziwa. "Amenikumbusha chanjo. Lakini hii ng'ombe yake inalia kama mbuzi."

"Amina," alisema Mulki kwa ile dua. La ng'ombe alikwenda nalo nyumbani, alirekebishe siku hiyo hiyo.